Juma Kuu Bondeni, 1968

Mwanangu, wewe unalivuka daraja la Magufuli pale Kivukoni ukiwa umefunga kioo cha gari, na kabla wimbo mmoja haujaisha redioni umeshafika upande wa Ulanga. Sikulaumu. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2018 sisi wazee ndio tulioshukuru zaidi, maana tuliujua mto ule wa Kilombero tangu enzi za pantoni na mitumbwi, na wapo ndugu zetu uliowachukua. Ila nikiwasikia vijana wa Ifakara mkisimulia habari za wamisionari, naona mnaanzia kwenye majengo: hospitali, kanisa, shule, nyumba ya masista. Majengo yapo, na walioyajenga wanastahili heshima yao. Lakini kuna watu ambao hawamo katika masimulizi hayo, na bila wao padri asingefika hata Idete. Ndiyo maana nataka nikupe habari za juma moja tu, Juma Kuu la mwaka 1968, nilipofuatana na padri kijana kwenda kwa watu waliokuwa mashambani. Nilikuwa mtumikiaji wa altare, nasoma shule ya misheni, umri wa kutumwa popote.

Masika ya mwaka ule yalianza mapema na hayakutaka kuisha. Bonde letu hupokea maji kutoka kila upande: mito inayoshuka Udzungwa, Lumemo ikiwa mmojawapo, na ile inayotoka nyanda za juu za kusini na milima ya Mahenge. Yote humwagika Kilombero, na Kilombero ikishakutana na Luwegu ndipo Rufiji inapozaliwa. Kwa hiyo mafuriko yaliyowakuta ndugu zetu wa Rufiji mwaka huo, yale yaliyoifanya serikali iwahamishe watu kutoka kingo za mto kwenda nchi ya juu, sisi tulikuwa tumeyaona yakipita. Ukisimama ukingoni ukatazama kusini, uliona maji na majani, maji na majani, mpaka macho yachoke. Na humo humo majini ndimo walimokuwa watu wetu. Msimu wa mpunga Ifakara ilibaki na wazee, wagonjwa na wenye maduka. Wengine wote, baba, mama na mtoto wa mgongoni, walihama tangu mvua za kwanza mpaka mavuno, wakaishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga usiliwe na ndege mchana, na usiku viboko na nguruwe pori. Aliyekuwa na dungu imara alilala. Wengine walikesha wakipiga madebe.

Padri mwenyewe tulimwita Padri Kijana, kwa kuwa paroko alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe zilizofika kifuani. Alifika kwetu kabla ya Noeli, akitoka kijiji cha milimani huko Luzern, Uswisi, ambako baba yake alifuga ng'ombe wa maziwa. Shirika lake, Wakapuchini, lilikuwa Tanganyika tangu mwaka 1921, baada ya Waingereza kuwaondoa Wabenediktini wa Kijerumani kwa sababu ya vita ya kwanza ya dunia. Masista wa Baldegg walikuja miaka hiyo hiyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu zake nyekundu zilikuwa chache na hazijaungana mashavuni, na pua jua lilikuwa limeibambua ikawa na rangi mbili. Viganja vyake vilikuwa vigumu. Jambo hilo liliwashangaza wanawake wa kanisani, kwa maana walidhani mtu aliyesoma miaka mingi hivyo hajawahi kushika mpini. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limekaa mahali pake na hakuna lililokuwa na haraka. Alikaa kwetu miaka mingi akazeeka, akazungumza kama mtu wa Kibaoni kabisa, lakini mimi nikimkumbuka ninamkumbuka yule wa juma lile.

Ifakara ya wakati huo ulikuwa unaijua kwa pua kabla ya macho. Ukitokea upande wa hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ile aliyoihangaikia Daktari Karl Schöpf, ulinusa mashuka yaliyochemshwa na dawa ya kufutia sakafu, na asubuhi mapema mkate wa masista ukiwa tanurini. Ukikaribia soko, kambale na kitoga waliobanikwa kwa moshi walikupokea toka mbali, wamechanganyika na tumbaku ya kusokota na mafuta ya taa. Fungu la perege lilikuwa senti 30, kikombe cha chai ya rangi senti 10, andazi senti 10. Zile sarafu za zamani zenye tundu katikati bado zilipokelewa, zimechanganyika na mpya zenye sura ya Mwalimu Nyerere, ambazo zilitolewa mwaka 1966: sungura kwenye senti 50, mbuni kwenye senti 20, samaki kwenye senti 5. Dukani kwa Mhindi doti ya khanga ilikaribia Sh. 12, na mwanamke aliyenunua doti mbili kwa mkupuo alisemwa mtaa mzima. Wachina waliokuja baadaye kujenga reli walikuwa bado hawajafika. Mkataba ulikuwa umetiwa saini kule Beijing Septemba 1967, na sisi tulizisikia habari zake redioni tu. Wageni tuliowazoea, mbali na mapadri na masista, walikuwa wale wa maabara ya Profesa Geigy wa Basel, waliokuwapo tangu mwaka 1957, wakichimbua papasi kwenye sakafu za nyumba za udongo na kuwatia chupani kwa uangalifu mkubwa.

Jumapili ya Matawi iliangukia tarehe 7 Aprili. Watu waliojaa kanisani hawakuwa wengi, kwa sababu ile niliyokwisha kukueleza, lakini waliokuwapo walikuja na matawi ya milala yaliyosukwa vizuri. Baada ya Misa wanaume walisimama chini ya mwembe wakizungumza habari moja, ya Martin Luther King aliyepigwa risasi Alhamisi iliyopita huko Marekani. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa ameisikia redioni na aliirudia kwa sauti ya chini, kama anayetoa taarifa ya msiba wa ukoo. Mzee mmoja akamwuliza Padri Kijana: "Baba, wewe unawajua watu wa huko. Kwa nini wamemwua mtu asiyeshika silaha?" Padri akasema Marekani si kwao, na hata ingekuwa kwao asingekuwa na jibu. Kisha akavua kofia, wazee nao wakavua, akasali pale pale. Nilipenda kwamba hakumtungia mzee jibu.

Walikuwa bado hapo chini ya mwembe alipotokea katekista wa bondeni. Alikuwa amelowa mpaka kifuani, suruali imekunjwa, viatu vimefungwa kamba vikaning'inia shingoni. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema, na kabla hatujamaliza kuitikia alishaanza kueleza. Watu wa madungu ya bondeni wamezingirwa na maji, Pasaka hawatafika. Kuna wazee wanaotaka kitubio na Komunyo kabla hawajafa, na homa imeingia kwa watoto. Ameacha watu wakimngoja. Mtu huyu, mwanangu, alikuwa na mke na watoto na shamba lake la mpunga. Posho aliyopewa na misheni kwa mwezi haikumnunulia mkewe doti moja ya khanga. Ndiye aliyefundisha dini, aliyezika, aliyesuluhisha ugomvi wa ndoa, aliyeongoza sala kila Jumapili ambayo padri hakufika, na Jumapili za namna hiyo ndizo zilizokuwa nyingi. Mkisema misheni ililijenga bonde, kumbukeni kwamba misheni bondeni ilikuwa na sura ya mtu huyu. Paroko alikuwa na mguu mbovu, asingeweza. Akamtazama kijana wake, akamwambia: "Nenda. Alhamisi uwe umerudi."

Tuliondoka Jumatatu kabla ya jua, kwa Land Rover ya misheni, tukishika njia ya Idete. Lumemo tulivuka kwa kusukumana, na hatukufika mbali gari likazama mpaka ekseli kwenye udongo wa mfinyanzi. Dereva akabaki nalo. Katekista alilijua hilo tangu mwanzo, kwa maana mahali pale pale palikuwa na mtumbwi unatungoja, na ndani yake amekaa mzee mmoja wa Kindamba, mkavu wa mwili, kofia ya kufuma kichwani, anakula muwa. Alikuwa Mwislamu, mvuvi, mtu wa kuheshimika. Walikuwa wamepatana Sh. 10 kwenda na kurudi. Mimi nilikuwa nimebeba sanduku la Misa kichwani, na nitakuambia lililokuwamo, kwani nililifungua na kulifunga mara nyingi mpaka leo nalijua: kalisi ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa cha flana, jiwe la altare, chupa ya divai isiyozidi kiganja, mkebe wa hostia, mishumaa miwili, msalaba wa kusimamisha, na kitabu kilichoanza kuota ukungu kwenye pembe. Ukilifungua lilitoa harufu ya nta, ubani wa zamani na unyevu. Padri alibeba mfuko wa nguo na mkebe wa vidonge vya klorokwini aliopewa na masista.

Mtumbwi ulikuwa wa mvule, mrefu, umeliwa na maji pembeni ukawa laini. Mzee alisimama nyuma na upondo, katekista mbele na kafi, sisi wawili katikati, sanduku kati ya magoti yangu. Padri alipoingia alikanyaga ubavuni, maji yakaingia. Mzee hakusema neno. Alimshika mkono, akamkalisha chini kabisa, akamwonyesha aweke viganja mapajani. Akakaa hivyo mpaka tulipofika. Tulipita juu ya nyasi ambazo wakati wa kiangazi watu huzichoma moto. Vichuguu vilichomoza juu ya maji na kila kimoja kilikuwa na wenyeji wake, nyoka au korongo, na kwenye vile vikubwa sheshe walikuwa wamesimama wakiwa wamebanana, manyoya yao mekundu yamelowa, wanatutazama bila kukimbia kwa kuwa hapakuwa na pa kukimbilia. Jua lilipopanda harufu ya mpunga unaochanua ilianza kutufikia kabla ya mashamba yenyewe hayajaonekana. Siku hizi mnauza mchele wa Ifakara Dar es Salaam kwa sifa ya harufu. Harufu hiyo hainifurahishi sahanini kama ilivyonifurahisha siku ile juu ya maji.

Kwenye mlango mmoja wa maji mzee aliuzamisha upondo, akauegemea, mtumbwi ukasimama. Mbele yetu maji yalipumua. Padri hakuona kitu, akauliza kwa nini tumesimama, akisema muda unakwenda. "Baba," mzee akamjibu, "hapa mwenye nyumba ni yeye. Tumngoje atoke." Akagonga upondo ubavuni mwa mtumbwi, taratibu, akangoja, akagonga tena. Kiboko alitoka na ndama wake, akapita karibu kiasi cha kuonekana mikunjo ya shingo. Padri Kijana alipauka hata pua yake ikawa rangi moja na uso. Baadaye, kwenye kichuguu kikubwa chenye mkuyu, tulipumzika. Mzee alitawadha, akaswali alasiri upande mmoja wa mti. Padri alikaa upande mwingine na kitabu chake cha sala, akikisoma kwa midomo bila sauti, akakifunga mzee alipomaliza. Wakagawana muwa uliobaki, na tangu hapo hakuna aliyemfundisha mwenzake namna ya kukaa.

Kigango chenyewe kilikuwa dungu kubwa kuliko mengine, na madungu yalitapakaa kila upande, moshi ukitoka chini ya mapaa. Walitupokea kwa pepeta, mpunga wa kwanza uliokaangwa na kutwangwa, bado una ujani na utamu wake, na samaki waliotolewa majini tukiwa tunaangalia. Jumanne ilikuwa ya maungamo. Nchi kavu ilikuwa ndogo na watu ni wengi, hapakuwa na mahali ambapo mtu angeweza kusema dhambi yake jirani asiisikie. Katekista akapata njia. Alifunga mtumbwi kwa kamba ndefu kwenye nguzo, Padri akakaa ncha moja, mwenye kuungama ncha nyingine, wakasukumwa mpaka kamba iishe. Mmoja akirudi, mwingine anapanda. Mabibi wazee waliungama Kindamba na Kipogoro, na Padri aliwaondolea dhambi bila kuelewa alichoambiwa. Jioni lilimsumbua, akamwuliza katekista kama amefanya sawa. "Baba," katekista akasema, "aliyekuwa anaambiwa amesikia." Alipomaliza kuungamisha, miguu yake ilikuwa imekaa majini mchana kutwa, ngozi ya nyayo imeinuka na kupasuka. Mama mmoja alimpaka mafuta ya nyonyo bila kumwuliza, kama alivyowapaka wanawe.

Usiku ule mbu walikuwa wengi kiasi kwamba ukiongea waliingia mdomoni. Tuliwasha majani mabichi, macho yakawaka, mbu hawakupungua. Chandarua kilikuwa kimoja, cha Padri. Baada ya chakula uliletwa ujumbe kwamba kwenye dungu la pili kuna mtoto wa kike ana homa tangu Jumapili, na sasa ameshikwa na degedege. Padri alikwenda na mkebe wa vidonge. Walimpondea kidonge kwenye maji, lakini meno ya mtoto yalikuwa yamekaza na dawa ilitoka pembeni. Alirudi akachukua chandarua chake, akaenda kuwafunikia mtoto na mama yake, akakaa nao. Barabara ingekuwapo, mtoto yule angefikishwa hospitali Ifakara asubuhi ile ile homa ilipoanza. Lakini barabara ilikuwa chini ya maji, na kwa mtumbwi ni kutwa nzima, usiku haiwezekani. Nilisinzia. Nilipoamka ilikuwa alfajiri na wanawake walikuwa wanalia.

Kumbe usiku wa manane katekista alikuwa amembatiza. Padri alikuwa ameshikwa na usingizi huku ameketi, mtoto akabadilika ghafla, na katekista hakuona sababu ya kupoteza hata dakika kumwamsha mtu. Alichota maji kwa mkono, akambatiza kama alivyofundishwa. Padri alipoambiwa alikaa kimya, kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Hakuwa amezika mtu bado tangu afike kwetu. Mazishi ya mjini alifanya paroko. Tulikwenda kwenye kichuguu kirefu ambacho maji hayakukifikia, wengine kwa mitumbwi, wengine wakitembea majini, mtoto amefungwa kwenye khanga ya mama yake. Padri alianza kusoma vizuri. Alipofika mahali pa kutaja jina, sauti ilikatika. Alijaribu tena, ikakatika tena. Katekista alisogea, akakitoa kitabu mikononi mwake kwa adabu, akaendelea pale pale alipoishia, kwa sauti yake ile ile ya kila Jumapili, na watu wakaitikia.

Kaburi lilikuwa halijafika kina. Udongo wa kichuguu ni mgumu na wachimbaji walikuwa babu wa mtoto na yule mzee wetu wa mtumbwi, ambaye hakuna aliyemwomba. Padri, mikono mitupu sasa, alishuka shimoni akanyoosha mkono. Babu akasita kumpa. Mzee Mndamba ndiye aliyesema: "Mpe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Na kweli ilikuwa siku ya tatu. Babu akampa. Alichimba kama mtu aliyezaliwa kwa wakulima, kiuno kimekunjwa sawasawa, kanzu ameikusanya na kuifunga kwa ile kamba yake ya mafundo, na udongo uliruka. Wanawake waliokuwa wanalia walinyamaza kidogo wakamtazama. Mwanangu, nimewaona mapadri wakihubiri mbele ya maaskofu, nimesikia kwaya zenye ala za kila aina, lakini kama kuna wakati niliona watu wa bonde wakiamua kwamba mtu huyu ni wao, ni hapo. Hapakuwa na aliyelitamka. Jioni alipewa chakula pamoja na wanaume wa msiba, kwenye sinia moja, na hakuna aliyemtengea kijiko.

Katekista hakurudi nasi. Alibaki aongoze Pasaka ya watu wake, na Padri alimwachia mishumaa yote miwili, kitabu na mkebe wa klorokwini, akimwelekeza vidonge vingapi kwa mkubwa na vingapi kwa mdogo. Alhamisi Kuu tulishuka na maji, haraka kuliko tulivyopanda, na jioni Padri Kijana alikuwa kanisani akiosha miguu ya wazee kumi na wawili, nyayo zake mwenyewe zikiwa zimefungwa vitambaa. Ijumaa Kuu kengele zilinyamaza tukagonga mbao. Mvua ilinyesha juu ya bati la kanisa kiasi kwamba mateso ya Bwana yalisomwa na hakuna aliyeyasikia isipokuwa waliokaa mbele.

Jumamosi tarehe 13 redio ilitangaza kwamba Tanzania imeitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria. Habari hiyo ilifika mpaka sakristia. Bruda mmoja alikuwa ameisikia, mwalimu wetu akaja kuithibitisha, na wakaanza kubishana kama Mwalimu Nyerere amefanya vyema, nchi ya umoja wa Afrika kukubali nchi ikatike. Paroko alikuwa na wasiwasi wa jambo lingine. Mafuta matakatifu, ambayo Askofu Elias Mchonde aliyabariki Kwiro, yalikuwa bado upande wa pili wa mto kwa sababu pantoni lilikuwa limesimama. Yaliletwa jioni kwa mtumbwi, yamefungwa kwenye kitambaa ndani ya debe, na kijana aliyeyaleta alikaa kwenye ngazi za kanisa akitetemeka kwa baridi mpaka masista walipomletea chai. Mkesha ule tuliiombea Biafra na tukamwombea King. Aliyeanzisha ombi la King si padri. Ni yule mzee wa chini ya mwembe, akisimama mahali pake bila kuitwa.

Kabla ya mkesha, nikiwa napanga nguo za altare, nilimwona Padri Kijana amefungua buku la ubatizo mezani. Alikuwa anaandika mtoto wa bondeni: jina, wazazi, mahali, tarehe. Kwenye nafasi ya mbatizaji aliandika jina la katekista, kamili, jina la ukoo na la baba yake, kwa mwandiko wake ule uliolalia upande mmoja. Paroko alipita nyuma, akasoma, akaenda zake.

Jumatatu ya Pasaka tulikwenda kumlipa mzee wa mtumbwi. Tulimkuta anakausha nyavu, mkewe anapepeta mchele. Akina mama wa kule walikuwa wanajua kumtazama mgeni na kuendelea na kazi, na huyu alimtazama Padri miguu yake, akamtupia kigoda. Padri alihesabu Sh. 10 za mapatano, kisha akaongeza noti ya Sh. 5. Mzee aliuliza ya nini. Padri akasema ni kwa ajili ya kaburi. Mzee alizikunja zile kumi akaziweka kwenye kofia, ile ya tano akaisukuma kwa kidole mpaka kwenye goti la Padri. "Kaburi halilipiwi," akasema. "Ukitaka kutoa, toa chumvi. Watu wa kule wamemaliza chumvi, na kesho mimi narudi." Padri akamwuliza kama mtumbwini kuna nafasi. Mzee akanitazama mimi, akapima kwa macho, akasema ipo, iwapo kijana huyu atabeba chumvi badala ya lile sanduku. Padri akasema sanduku nalo litakwenda. Wakabishana juu ya uzito muda mrefu, na mwisho ikakubaliwa kwamba mfuko wa nguo ndio utakaobaki. Ile noti ya Sh. 5 tulikwenda nayo dukani, tukanunua chumvi, na njiani tukapitia kwa masista kuomba vidonge vingine.